Pasipoti Ndani ya Pipa la Mchele

Missouri City,
Texas.
Jumapili, 26 Juni 2022

Mpendwa Mama Mkubwa Aleyamma,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na miwani yako mipya, si jikoni ukigombana na Kunjukutty juu ya namna ya kuwasha moto. Yule binti analipwa akusaidie, mwache akusaidie. Jicho linaendeleaje? Daktari alikukataza kuinama, nami nakujua, ukikatazwa kuinama ndipo unapokumbuka pilipili manga zilizoanguka chini. Na goti je? Yale mafuta niliyokutumia kwa mkono wa Mjomba Ninan usiyafungie kabatini kama manukato. Yapake. Yakiisha nitatuma mengine.

Sisi huku hatujambo, Mungu anatulinda. Joto limekuja mapema mwaka huu, hata mwaridi mwekundu nilioupanda kando ya gereji umekunja majani. Mama, mdogo wako, mgongo unamsumbua kidogo, lakini ulimi hausumbuliwi na chochote. Tangu aje Oktoba amebadilisha mpangilio wa jiko langu mara mbili.

Wiki iliyopita nilipokupigia simu nililia tu, nawe ukadhani kuna msiba. Nikakusikia unauliza, "Nani? Niambie ni nani," kisha mtandao ukakatika. Nisamehe kwa kukutia hofu. Hakuna aliyekufa, Mama Mkubwa. Tumepata kadi za ukaazi wa kudumu, sote watatu, Saju, mimi na binti yetu Tessa. Na Tessa anatimiza miaka ishirini na mmoja tarehe tisa mwezi ujao. Zingechelewa kidogo tu, mimi na Saju tungepata na mtoto angekosa.

Najua ulikula kile kiapo mbele ya wakili mwezi wa Novemba bila kuuliza swali hata moja. Mjomba Ninan aliniambia ulipanda ngazi za ofisi ile ukishika ukuta, ukakataa kuwekwa kwenye kiti ubebwe, ukasema hujafa bado. Sikukueleza sababu kwa kuwa niliogopa kukupa matumaini halafu yaanguke. Leo nakueleza yote. Nikirefusha, univumilie.

Huku, mtu aliyeletwa na kazi kama Saju, mwajiri wake akitaka abaki moja kwa moja, humwombea kadi kwa serikali. Ombi likikubaliwa, hupewi kadi. Unapewa tarehe, yaani nafasi yako kwenye foleni. Kila nchi ina fungu lake la kadi kwa mwaka, na hakuna nchi inayopewa zaidi kwa sababu ni kubwa. Sasa fikiria mwenyewe, mainjinia wote wa Kerala, wa Andhra, wa Gujarat na wa Punjab wamebanana mlango mmoja. Saju aliingia kwenye foleni hiyo mwaka 2012. Tessa wakati huo alikuwa bado ananiletea kitana nimsuke kabla ya shule.

Kila mwezi serikali hutangaza tarehe iliyofikiwa. Saju husoma tangazo lile kama wazee wa huko wanavyosoma kurasa za vifo gazetini, kwanza anatafuta watu wetu, halafu anaangalia wengine. Mwezi mmoja tarehe inasogea wiki chache, miezi mingine imesimama tu, na kuna miezi inarudi nyuma. Ndiyo, inarudi nyuma, na hakuna wa kumlalamikia. Kanisani kwetu watu wanajuana kwa tarehe zao. Huyu ni wa mwaka 2010, yule ni wa 2014. Tukikaa kula baada ya ibada, mtu akishakuuliza hali, swali linalofuata ni, "Mmefikiwa?"

Mtoto anasimama kwenye foleni ya baba yake mpaka atimize miaka ishirini na mmoja. Siku hiyo anatolewa, hata kama baba amebakiza hatua moja mlangoni. Mtoto wa Shoba, yule kijana aliyekuwa akitupigia kinanda, alitolewa mwaka juzi. Sasa yuko Toronto, amepanga chumba kwa watu asiowajua. Shoba kila Jumapili anakaa benchi lile lile karibu na kinanda, ingawa anayepiga siku hizi ni mtu mwingine. Mimi nilikuwa siwezi kumtazama.

Kwa hiyo nyumba yetu ilikaa hivyo miaka yote, Mama Mkubwa. Saju alikataa kupandishwa cheo, akiogopa kazi ikibadilika jina na nafasi yake itapotea. Sofa tuliyonunua kwa watu waliokuwa wanahama ndiyo hiyo hiyo, kwa sababu nani ananunua sofa mpya nyumba ambayo hajui kama atakaa? Na Tessa, aliyekuja huku hata meno ya mbele hana, alianza kutafuta vyuo vya Kanada kimyakimya. Kimalayalam chake unakijua, ulikicheka mwenyewe kwenye simu. Nilikuwa nasimama mlangoni kwake nikimtazama, nikajiuliza nitaishije mimi nikimwacha mtoto huyu uwanja wa ndege.

Sasa sikia jinsi mambo yalivyogeuka. Oktoba, Mama hajamaliza hata wiki moja hapa, tulikuwa na mgeni siku ya Jumamosi. Ni Roy, mtu wa Kottayam, anafanya kazi na Saju. Nilikuwa nimepika muhogo na samaki wa pilipili nyekundu. Saju akaanza tena habari za Kanada, kwamba afadhali Tessa aende mapema kwa heshima kuliko kusubiri kufukuzwa. Nikamwambia mtoto wangu haendi popote, na kile chungu nikakiweka mezani kwa nguvu kidogo.

Mama akasema, "Mwache, mkwe wangu, usihangaike naye. Ukaidi huo si wa nyumbani kwetu. Huyu hakuzaliwa kwao kama wenzake. Alizaliwa jangwani, akapokelewa na dada yangu, akachukua na kichwa chake."

"Jangwani wapi tena, mama?" Roy akauliza.

"Muscat. Hujasikia hadithi ya pasipoti?"

Roy alikuwa na tonge la muhogo karibu na mdomo. Akalirudisha sahanini. "Shemeji, wewe si wa Kozhencherry?"

"Ni wa Kozhencherry."

"Sikuulizi kwenu. Nakuuliza mama huyu alikuwa wapi siku anakuzaa."

"Muscat," nikasema. "Si amekwambia?"

Akamgeukia mume wangu. "Saju, kaka yangu, wewe una wazimu? Foleni haiangalii pasipoti, inaangalia ulizaliwa wapi. Na mke akiwa amezaliwa nchi nyingine, mume anapita mlango wa mke wake, na watoto wanapita nao. Binamu yangu mkewe alizaliwa Kuwait, wamemaliza zamani. Nani anasubiri kwenye foleni ya Oman? Mlango uko wazi miaka yote hii, na wewe umekaa hapa unasoma matangazo."

Saju akanitazama kana kwamba nimemficha. "Mbona hukuniambia ulizaliwa Muscat?"

"Baba Tessa, hadithi hiyo unaisikia kila Krismasi tangu unioe. Ulikuwa unacheka nini?"

Basi akakumbuka. Mwanzoni kabisa wakili alituma maswali, na pale palipoulizwa mke amezaliwa wapi, Saju akaandika Kozhencherry. Wala hakudanganya, maskini. Wewe unajua sisi tulivyo. Mtu akikuuliza umezaliwa wapi anataka kujua nyumba gani, kanisa gani, upande upi wa mto Pampa. Nani anataja hospitali? Hata mimi nikiulizwa nasema Kozhencherry, mahali nilipofikishwa mara ya kwanza nikiwa tayari natambaa. Wakili naye akaona Mhindi na mke Mhindi, hakuuliza tena. Roy alicheka mpaka akapaliwa, halafu akaomba samaki zaidi.

Jumatatu yake Saju alikuwa mlangoni kwa wakili kabla hawajafungua. Wakili akasema ni kweli, njia ipo, ila inatakiwa ithibitike kwamba wazazi wangu walikuwa wakiishi Muscat wakati ule, hawakuwa wapita njia. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Baba hayupo. Kampuni alikokuwa mtunza stoo haipo. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwepo kwa sababu wewe ulikihangaikia, ukakipeleka mpaka ubalozini, wakati huko nyumbani hakuna aliyeona kina kazi gani. Na mtu aliyebaki hai ambaye aliishi nao nyumba moja na kuniona nikitoka ni wewe peke yako. Ndiyo maana ya ile safari ya ngazi.

Wakili akatuuliza jambo lingine dogo tu, kwa nini Mama hakwenda kujifungulia kwao, maana alijua desturi yetu kwamba mimba ya kwanza lazima mtu arudi kwa mama yake. Nikamwambia nitauliza. Mimi hadithi niliyokuwa naijua ni ile ya kuchekesha. Kwamba tiketi ilikuwa tayari, na Bibi huko nyumbani alikuwa ameshachemsha mafuta na majani, ameshamwita mama wa kuogesha wazazi, ameshapaka chumba chokaa. Kwamba asubuhi ya safari pasipoti haikuonekana. Wakapekua nyumba nzima, magodoro yakageuzwa, Baba akatoka jasho, na ndege ikaondoka. Halafu siku nyingi baadaye Baba akipima mchele akaipata chini kabisa ya pipa, na wewe ukasema, "Ah, kumbe iko huku," ukaendelea kukaanga vitunguu.

Na sehemu nyingine ya hadithi ninaijua pia, ile isiyochekesha. Bibi alisema kwamba asiye na mtoto amemwibia mjukuu. Ulikuwa ukija likizo na masanduku, kila mtu anapokea zawadi yake, yeye kitambaa chake anakiacha palepale ulipokiweka. Nilikuwa mdogo lakini nilikuwa nakiona kile kitambaa. Na sisi watoto, wajinga tu, tukawa tunaimba, "Mama Mkubwa mwizi wa watoto," na wewe unatukimbiza kwenye migomba tukicheka. Sikuwahi kukuuliza kama ilikuwa inakuuma.

Basi nikamfuata Mama jikoni, alikuwa anamenya muhogo, nikamwuliza. Nilitegemea ataanza kucheka kama siku zote. Akamalizia kwanza kumenya muhogo aliokuwa ameushika.

Halafu akaniambia, "Miguu yangu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Kichwa kinagonga. Aleyamma alinipima presha jioni ile, akanipima tena, hakuniambia kitu. Akaenda kuosha vyombo ambavyo alikuwa ameshaviosha. Mimi nilikuwa nataka kwenda kwa mama yangu, nilikuwa sisikii la mtu. Wiki haikuisha nikaanguka na kifafa cha mimba. Naambiwa yeye ndiye aliyenishika ulimi nisiukate, akanipeleka wodini alikokuwa muuguzi, wakakutoa kwa kisu. Ningepanda ile ndege, Biji, ningefia juu ya bahari, na wewe ukiwa ndani."

Nikamwuliza, "Mbona Bibi hakujua?"

"Nilimwambia. Akasema hata Kozhencherry hospitali ipo. Mama yangu alikuwa ameshaamua kukasirika. Na mimi," hapo akaweka kisu chini, "mimi nikaona ni rahisi kucheka pamoja nao. Kila mtu alicheka, na mimi nikacheka. Dada yangu alibeba neno lile miaka yote hii kwa ajili yangu."

Alilia, Mama Mkubwa. Na mimi nililia. Nina miaka arobaini na miwili na ndiyo kwanza najua kwamba nilinusurika. Wewe ulikuwa unajua kila ulipokuwa unanikimbiza kwenye migomba, na hukusema kitu.

Karatasi zikapelekwa Novemba. Tukapimwa damu, tukachukuliwa alama za vidole, halafu kimya. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita. Mlango ulikuwa wazi kweli, lakini mwenye kugonga muhuri alikuwa na kazi nyingi, na mtoto anazidi kukua. Wakili alikuwa ameshatuambia kwamba kwa kuwa tulichelewa kuutumia mlango ule, lazima Tessa akubaliwe kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Wakati mwingine mtu hutamani mwanawe akue, mimi nilitamani nimshike asikue. Mei ilipoisha, Mama akaanza kufunga kila Ijumaa. Nikamwuliza Tessa anataka keki gani, akaniambia, "Mama, usitaje keki." Nilikuwa namsikia chumbani anafungua na kufunga begi.

Siku habari ilipofika, nilikuwa nimemtuma Saju akanunue samaki. Akiwa dukani simu yake ikalia, ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu, jina lake, langu, na la mwisho la Tessa. Anasema alikaa juu ya magunia ya mchele palepale, mwenye duka akamletea maji akidhani ni moyo. Alirudi nyumbani bila samaki, na gunia la mchele begani ambalo hakuna aliyeliagiza. Akalitua katikati ya sebule akasema, "Wote." Neno hilo tu. Tessa alikaa sakafuni na kulia kama alivyolia siku ya kwanza ya shule. Wewe ndiye niliyekupigia kwanza, kabla hata ya mchungaji.

Sijui kukushukuru vizuri, Mama Mkubwa. Neno asante nimelitumia kwa mtu aliyenishikia mlango dukani, siwezi kulitumia hilo hilo kwako na nikaridhika. Ulimzuia mdogo wako kwa nguvu ukijua utachukiwa, na kweli ukachukiwa, na mama yako akafa hajakunyoshea mkono. Kwa hilo mimi niko hai. Na kwa hilo hilo, baada ya miaka yote hii, mwanangu hakutolewa. Bibi alisema uliiba. Basi mimi niliyeibwa nasema ulifanya vema, na mwanangu anasema hivyo, na mume wangu, ambaye sasa kila mgeni akiingia humsimulia habari zako kabla hajampa chai.

Mama anasema hataandika, kwa sababu anachotaka kukuambia hakikai kwenye karatasi. Anakuja mwenyewe. Tessa atasherehekea siku yake tarehe tisa, na keki ameshaitaja, ya nanasi. Tarehe kumi na tatu watapanda ndege wote wawili. Hii ni mara ya kwanza mtoto huyu anatoka nchi hii bila sisi kuogopa kama atarudishwa mpakani. Mama amekataa kulala kwa Mjomba Ninan. Anataka kulala chumbani kwako, kitanda kile cha dirishani, kama mlivyokuwa mkilala Muscat. Mvutane shuka usiku kucha, mtajua wenyewe.

Tafadhali usimpikie Tessa pilipili nyingi siku ya kwanza, na fenesi mfichie moja kama yamebaki. Amenunua kitambaa kwa ajili yako, cha rangi ya maziwa chenye mstari mwekundu. Amechagua mwenyewe, baada ya kusikia habari za kile cha Bibi. Kipokee, hata kama huipendi rangi.

Nisalimie Mjomba Ninan na Mama Rahel, uwaambie nawashukuru kwa kukushika mkono kwenye ngazi, japo najua ulikataa kushikwa. Nisalimie Kunjukutty, na mchungaji, na majirani wa ng'ambo ya barabara. Saju anakuamkia na kukubusu mikono yote miwili.

Kabla sijafunga, nikupe kichekesho. Saju amekataa kuziweka kadi zetu benki au kwenye droo. Ameziweka zote tatu ndani ya pipa la mchele, chini kabisa, anasema hakuna mahali pengine anapopaamini. Leo asubuhi Mama alifungua pipa kupima mchele wa mchana, akazikuta. Nilidhani atatugombeza. Akazipangusa moja moja kwa ncha ya sari yake, akazirudisha, akazifukia kwa mkono mpaka zisionekane.

Mungu aliyekupa macho ya kuona miguu ya mdogo wako akuachie macho hayo mpaka utakapoona watoto wa Tessa, watakapozaliwa popote watakapozaliwa.

Ni mimi mwanao, yule uliyemzuia asipande ndege,

Biji